Jambo Juu, Salamu Chini

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute mzima, umekaa kwenye kiti chako cha kushonea, mguu kwenye pedali na pini mdomoni. Cherehani nayo haijambo? Bado inakohoa ikifika kwenye pindo nene? Nisalimie mama wa duka la vifungo, nisalimie wateja wako wote, hata yule bibi anayebishana kila mwaka kwamba kiuno chake hakijabadilika. Mimi sijambo kabisa. Mdogo wangu naye mzima, amepanga chumba chake mwenyewe na sasa anajipikia, ingawa majirani wameshalalamikia moshi.

Ama baada ya hayo, shangazi, kaa vizuri. Nimepanda cheo. Kuanzia mwezi huu mimi ndiye msimamizi wa zamu ya asubuhi hapa kiwanda cha kufulia. Mwanao niliyekuwa nakunja mashuka ya hoteli na hospitali kutwa nzima, leo nina funguo kiunoni na kalamu mfukoni, na watu wananiuliza, "Bosi, mzigo huu unaenda wapi?" Siku ya kwanza niligeuka nyuma kumtafuta huyo bosi.

Wamenipa hadi mwisho wa Juni kunijaribu. Nikifaa, wananithibitisha. Nisipofaa, narudi kwenye meza ya kukunja mbele ya wale wale walioniona nikipanda. Lakini kazi naiweza, naipenda, nalala nikiiwaza. Zamu ikiisha naandika ripoti ya kuwaachia wa jioni, naibandika ubaoni karibu na chumba cha kubadilishia nguo. Naiandika kama ulivyonifundisha, kwa adabu, kwa kirefu, bila kumsahau mtu.

Jingine ni dogo, nalisema tu kwa kuwa karatasi imebaki. Juzi yameungua mapazia ya hoteli moja. Mashine ya tatu ya kukausha ilikuwa imeanza kupitiliza joto, nami nikawaonya wa jioni kwenye ripoti kwamba wasiiwashe. Bahati mbaya onyo lilikuwa ukurasa wa pili, chini, baada ya pole kwa mpishi wa kantini na shukrani kwa dereva. Hawakufika huko. Meneja aliniita ofisini akanipa vidonge vyangu. Amesema ripoti zangu zikiendelea hivi, hatutasubiri hata Juni.

Usiwe na wasiwasi lakini. Nina furaha mno.

Kasuku wako


19 Februari

Kasuku wangu,

Hujambo mwanangu? Umeamkaje, unashindaje, na funguo hazikuchubui kiuno? Mimi mzima. Cherehani inakohoa lakini inafanya kazi, kama mwenye nayo. Mama wa vifungo amepokea salamu zako na anazirudisha mara mbili. Yule bibi wa kiuno nimemwongezea gauni kimya kimya, sasa anajisifu kwamba amepungua. Mwambie mdogo wako asipike mlango ukiwa umefungwa.

Habari ya cheo niliisoma nikasimama. Nikaisoma tena kwa sauti, mteja akiwa nusu ndani ya sketi, na nikapiga vigelegele mpaka kinyozi wa ng'ambo ya barabara akatoka na mkasi mkononi kuuliza kuna harusi gani. Nimemwambia mwanangu ana funguo.

Sasa hao wa jioni. Mtu anaulizwa hali yake kwa mwandiko mzuri, halafu hasomi mpaka mwisho? Hao ndio wa kuitwa ofisini, si wewe. Marehemu baba yako alipokuwa kazini mbali, jambo lenyewe lilikuwa likifika ukurasa wa mwisho, na sote tulilifikia, kwa sababu tulikuwa tunampenda. Mtu haingii nyumbani kwa watu akaomba maji kabla hajabisha hodi. Mwambie meneja wako shangazi yako amesema hivyo.

La mwisho, wala si jambo. Yule fundi saa aliyepanga kibanda cha jirani amenitengenezea taa ya cherehani. Nakwambia tu ujue inawaka vizuri.

Shangazi yako


16 Machi

Shangazi,

Nahitaji mita tano za kitambaa kizito cha bluu, cha makoti ya kazi.

Kipakie kwenye basi kabla ya Ijumaa ijayo.

Nitaupokea mzigo stendi mwenyewe.

Kasuku


21 Machi

Wewe mtoto,

Nani amekufa?

Nilifungua barua yako nimesimama. Nikaona "Shangazi", halafu kitambaa. Hakuna hujambo, hakuna za huko, hakuna nisalimie fulani. Kwetu karatasi ya namna hiyo imewahi kuja mara moja tu, nawe unaijua siku hiyo, ya baba yako. Nikajiambia kitambaa ni kisingizio, wanaogopa kuniambia, wananitayarisha polepole. Nikaketi chini, chini kabisa, juu ya vipande vya bitana.

Fundi saa ndiye aliyeiokota. Akaisoma kwa ile miwani yake ya jicho moja, akaigeuza nyuma, akaimulika kwenye mwanga kama anatafuta ufa. Kisha akasema, "Bibie, humu hakuna msiba. Humu kuna mita tano." Nikanywa maji yote yaliyokuwa mezani, ya kwangu na ya kwake.

Na usiniulize fundi saa alikuwa anafanya nini mezani kwangu saa ya chakula cha mchana. Taa ilikuwa inapepesa.

Kitambaa kinakuja na basi la Alhamisi. Nimekuongezea nusu mita kwa hasira. Sasa kaa chini uniandikie kama mtu aliyelelewa.

Shangazi yako, ambaye bado yu hai


27 Aprili

Shangazi yangu niliyekukosea,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti. Unaendeleaje? Moyo umetulia? Bitana hazikukunjika ulipozikalia? Kitambaa kilifika salama na makoti yanashonwa. Mdogo wangu anacheka mpaka leo, hana mbavu, kila akinipigia simu anaanza na "Nani amekufa?" Nimestahili.

Nimekawia kukuandikia kwa aibu, na pia kwa sababu mambo yamenichanganya. Ngoja nianzie mwanzo. Baada ya mapazia, meneja alinipeleka kwenye mafunzo ya uandishi wa kazini. Ukumbi wenye viti vya plastiki, makarani, walinzi, wauguzi, na mwalimu mmoja mwanamke mwenye sauti ya kuamsha waliolala. Alituuliza, "Msomaji wako akisoma mstari mmoja tu halafu akaitwa, ataondoka na nini?" Shangazi, nilihisi kama mtu kaniwashia taa usoni. Mtu akisoma mstari wa kwanza wa ripoti zangu alikuwa anaondoka na "Natumai nyote hamjambo." Nilitoka pale napaa. Usiku ule ule nikataka kujaribu, na mtu wa kumjaribia nikaona ni wewe.

Kazini nikaanza vile vile. Mistari mitatu, jambo, hatua, na nani anahusika. Meneja akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mapazia. Lakini Mama Pasi, yule mzee wa mashine kubwa ya pasi, alikuja akasimama mbele yangu na kuniuliza, "Tumekukosea nini? Zamani ulikuwa unaniuliza goti." Na Mrefu, msimamizi wa zamu ya jioni, ambaye alikuwa akinijibu nusu ukurasa, sasa ananiandikia "Sawa" basi. Wanapita ubaoni kama wanapita ukuta. Wiki iliyopita niliandika kwamba sabuni mpya inawasha, wavae glavu. Watatu wametokwa na vipele mikononi. Kwa kirefu hawakusoma, kwa kifupi hawasomi. Meneja ameacha kutabasamu, na Juni iko mlangoni. Naogopa, shangazi. Meza ya kukunja naiona nikifumba macho.

Na sasa wewe. Mwalimu alitufundisha kuchukua kalamu nyekundu na kupigia mstari pale jambo lenyewe lilipo. Nimechukua barua zako. Kila moja ina salamu juu, vichekesho katikati, na chini kabisa, pale ambapo mimi niliweka mapazia, yupo fundi saa. Unazunguka mbuyu. Kuna nini?

Kasuku wako


18 Mei

Kasuku wangu,

Marahaba. Nimekusamehe, maana hasira zangu hazivuki wiki. Hujambo na hofu yako? Mimi mzima. Mama wa vifungo ameumwa jino, limeng'olewa, sasa anaongea pole pole kwa mara ya kwanza maishani. Kinyozi amebadilisha kiti. Mvua imepita na kibanda hakivuji tena, kuna mtu alipanda juu akaziba.

Nimeifikiria shida yako kwa siku nyingi, hata nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia nikaufumua. Nikawa namshonea suruali mzee mmoja mwenye mguu mmoja mfupi. Unajua nafanyaje mteja wa hivyo. Nabandika kikaratasi kwa pini juu ya mguu wenyewe, maandishi makubwa, HUU. Sikiandiki mwisho wa ukurasa wala hakina salamu, maana atakayepiga pasi akikosea hapo suruali imekwisha. Lakini yule mzee alipokuja kujaribu, sikumwonyesha kikaratasi. Nilimkalisha, tukapiga soga ya wajukuu, akacheka, akasahau kuona haya, ndipo akakubali kusimama wima nikampima upya.

Nikasimamisha cherehani. Nikasema, kumbe vyote viwili navifanya kila siku, ila sivichanganyi mahali pamoja. Pini iko kwenye kitambaa na soga iko kwenye kiti. Wewe kwanza uliizika pini ndani ya soga. Halafu ukatupa kiti, ukashangaa watu hawakai. Hebu jaribu kuvirudisha vyote, kila kimoja mahali pake. Ubao wenu si una juu na chini?

Ama kuhusu kalamu nyekundu, irudishe ilikotoka. Barua za shangazi hazisahihishwi. Hakuna kitu. Na kama kingekuwepo, nisingejua pa kukianzia kwa umri huu. Ila tukubaliane hivi. Siku wakikuthibitisha uniandikie, nami nitakujibu barua moja ya mtindo wenu, jambo juu. Wakikurudisha kwenye mashuka, hutajua chochote mpaka na wewe uvae miwani.

Shangazi yako


5 Juni

Shangazi, inafanya kazi.

Nimegawa ubao kwa mstari wa kalamu. Juu ni ripoti, kwa herufi kubwa, hakuna cha salamu wala nini. Chini nimeandika "Hamjambo?" na kuacha nafasi wazi, na kalamu nimeifunga kwa uzi uliobaki kwenye kitambaa chako.

Siku ya kwanza niliuliza goti la Mama Pasi. Mtu wa jioni akajibu kwamba mama yake ana goti kama hilo na amepata nafuu kwa kulikanda maji ya moto. Siku iliyofuata Mrefu aliandika, kwa mwandiko unaoyumba, kwamba mkewe amejifungua binti. Shangazi, ubao ule ulifurika. Dereva aliandika hongera, mlinzi aliandika hongera, mpishi wa kantini aliuliza mtoto kafanana na nani, na mtu asiyejulikana akajibu, "Tunaomba Mungu afanane na mama." Sasa mtu akiingia hata kofia hajavua, anaenda ubaoni kwanza kuona mtoto kalala vipi. Na macho yakitoka juu kwenda chini yanapita kwenye ripoti yangu, yatake yasitake. Glavu zinavaliwa.

Siamini. Nikifika kazini natamani kukimbia. Nilikuwa nadhani cheo ni funguo, kumbe raha yenyewe ni kuandika kitu na kuona mtu amekifanya.

Ila meneja haridhiki. Anasema sehemu ya chini ni soga, inachafua ubao wa kazi, na anataka ifutwe mwezi ukiisha. Nimemwomba aniachie mpaka siku ya uamuzi wangu. Amekubali kwa shingo upande, na akaongeza kwamba sehemu hiyo nayo itahesabika katika uamuzi.

Sasa salamu. Hujambo shangazi yangu? Mama wa vifungo ameanza kuongea haraka? Na nani huyo aliyepanda juu ya kibanda akaziba?

Kasuku wako


29 Juni

Nimethibitishwa.

Nimeuandika mstari huo nikautazama kidogo kabla ya kuendelea. Nimethibitishwa, shangazi. Barua ninayo, ina mhuri.

Ilikuwa hivi. Jumatatu, zamu yangu ikikaribia kuisha, nilisikia harufu ya mpira unaoungua kwenye mashine ya tatu, ile ile ya mapazia, ambayo ilikuwa imeshatengenezwa. Nikaizima. Fundi umeme akasema anakuja kesho asubuhi. Nikaandika juu ya ubao: "MASHINE YA TATU ISIWASHWE. Inanuka kuungua. Fundi anakuja kesho." Chini nikauliza kama binti wa Mrefu amepona mafua. Nikaenda nyumbani, lakini moyo niliuacha pale mlangoni.

Jioni hiyo hospitali ilileta mzigo wa dharura, mashuka mengi yanayotakiwa haraka. Kijana mmoja mgeni, siku yake ya kwanza, aliambiwa akakaushe, akaenda moja kwa moja kwenye ya tatu kwa kuwa ilikuwa tupu. Walimzuia watu wanne kwa pamoja. Mpishi wa kantini ndiye aliyefika kwanza, mtu ambaye hahusiki na mashine hata moja. Alikuwa amepita ubaoni kusoma habari za mafua.

Asubuhi fundi alifungua mgongo wa mashine mbele yetu. Nyaya zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, na vumbi la nyuzi limejaa humo kama pamba ndani ya mto. Akasema ingewashwa tena, moto usingeishia kwenye mashine. Mama Pasi alinishika mkono, akaushika mpaka fundi alipofunga vifaa vyake.

Meneja alimwita mpishi akamuuliza ilikuwaje ajue. Mpishi akasema, "Nilikuwa namfuata mtoto." Meneja akaenda ubaoni, akasoma juu mpaka chini, taratibu, na mimi nyuma yake roho mkononi. Nilidhani anatafuta kifutio. Akachukua ile kalamu ya uzi, akaandika chini: "Na mimi mama mkwe wangu amefika salama." Kisha akaniita ofisini.

Hujambo, shangazi? Wasalimie wote. Sasa timiza ahadi. Kila siku nachungulia sanduku la barua.

Kasuku wako, msimamizi


21 Julai

Naolewa.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, mchana, hapa nyumbani. Anahusika fundi saa. Wewe njoo Alhamisi, unishikie kioo.

Haya, pini hiyo. Umeniona nimekawia kujibu ukadhani nimekasirika tena. Sikukasirika. Mstari ule wa kwanza umenitoa jasho kuliko koti lolote nililowahi kushona. Nimeuandika nikauchana, nikauandika nikaufunika na kitambaa. Likiwa chini ya ukurasa, jambo linaweza kuwa utani, unaweza kulikana. Ukiliweka juu limekaa pale, linakutazama, na kila mtu analiona. Niliogopa utacheka, mtu mzima kama mimi. Niliogopa pia utamkumbuka baba yako na kusema shangazi kawasahau watu wake. Kisha nikasoma ulivyoandika "Nimethibitishwa", peke yake juu ya karatasi, nikalia kwa furaha mpaka nikalowesha kola ya mteja, nikasema na mimi naweza.

Ndiye aliyeziba kibanda. Taa haikuwahi kupepesa.

Sasa salamu. Hujambo mwanangu, msimamizi wangu wa mhuri? Nimeisoma barua yako mtaani kote, kinyozi ameisikia mara tatu na sasa ananisahihisha nikiruka neno. Mama wa vifungo mzima, anaongea haraka kuliko zamani, anafidia. Bibi wa kiuno ameagiza gauni la harusi yangu na kusema vipimo ni vile vile. Cherehani haikohoi tena, kuna mtu aliifungua akaitia mafuta. Mwambie mdogo wako atavaa suti na hatagusa jiko. Msalimie Mama Pasi na goti lake, Mrefu na binti yake, na meneja mwambie shangazi yako amemsamehe.

Nakomea hapa. Nimeacha nafasi chini, maana mwenyewe amesimama nyuma yangu anasoma, na anasema naye ana neno.

Shangazi yako

Binti yangu, nimeambiwa kwenu siku hizi jambo ndilo linaloanza. Nampenda shangazi yako. Hujambo?